Maharusi wa Mnyambe

Udi unatafuta nini kwenye chumba cha kusafishia picha? Cecil aliusikia asubuhi alipofungua mlango, humo ambamo tangu miaka ya sabini hamkunukia kitu ila dawa za picha. Newala nzima, ukitaka picha ya harusi au ya kipaimara, ulikwenda kwa Cecil, basi. Sasa biashara imekuwa huria, shemeji yake Danieli kafungua studio ya picha za rangi Masasi, na wateja wameanza kuteremka huko.

Siku hiyo alikuwa na picha za maharusi wa kijiji cha Mnyambe. Akatumbukiza karatasi kwenye dawa, chini ya taa nyekundu. Gauni likatokea, maua yakatokea, shingo zikatokea. Nyuso hazikutokea. Akarudia, na safari hii nyuma ya maharusi akatokea mwanamke mrefu aliyejitanda kaniki, na huyo, jamani, uso alikuwa nao, tena alimkazia Cecil macho, na kila Cecil alipotikisa trei alisogea mbele kidogo, mpaka udi ukamkaba Cecil koo na mtu akavuta pumzi sikioni mwake.

Habari zilienea, benchi la studio likabaki tupu.

"Wewe Mkristo, Baba Gift, waganga wa nini?" mkewe Veridiana alimzuia kwa sauti ndogo.

Cecil hakumsikiliza. Mganga, Bibi Sijaona, alikuja mchana, akajifungia na mume na mke katika chumba cha picha, akafukiza ubani. Jini hakumpanda Cecil. Alimpanda Veridiana.

"Nani kakuleta?" mganga alimuuliza.

"Huyu ninayesemea kinywani mwake," ikajibu sauti nzito. "Nifukuze wateja, waende kwa kaka yake."

Iliuma, tena iliuma hasa. Miaka yote hiyo kitanda kimoja! Jini aliposhuka, Veridiana alikaa sakafuni akihema.

"Umenifanyia hivi, Mama Gift?"

"Danieli ndiye mjomba wa wanangu, na kwetu watoto ni wa mjomba," alijibu kwa upole. "Wewe ulikuja kuoa tu."

"Haya, mwanangu," Bibi Sijaona alimwambia Veridiana. "Jini anamtii aliyemleta. Mwambie atoke, atatoka. Usipomwambia, akichoka na nyuso za karatasi ataufuata uso wa mumeo."

Cecil alimsubiri mkewe aseme. Veridiana alijifunga khanga vizuri, akafungua mlango, akatoka. Nje alisikika akimwamkia jirani, shikamoo, kwa sauti yake ya kila siku.

Bibi Sijaona alimgeukia Cecil ampe pole. Akamtazama pale uso ulipokuwa, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.