Sekunde Kumi na Tisa za Mdogo Wangu

Msinianzie habari za majini. Mimi ni mtu wa fotokopi. Miaka kumi na moja kazi yangu ni karatasi kuingia, karatasi kutoka, na nakala ikitofautiana na mama yake hata nukta moja, naichana mbele ya mteja. Kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mniite mwehu.

Jioni ile, jua likizama, nilikuwa natoka kwa fundi wa kompyuta na diski tupu mkobani. Sikutembea, nilikimbia. Diski ya kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa imeanza kugonga.

Tk... tk... tk.

Ikishagonga hivyo, fundi aliniambia, hesabu saa, usihesabu siku. Na mimi ndani yake nilitaka kitu kimoja tu: sauti ya mdogo wangu. Aliituma kwenye simu yangu siku ya ajali, nikaihamishia kwenye kompyuta, na simu yenyewe ikaja kuibiwa. Sekunde kumi na tisa. "Mama, we kula bwana, usinisubiri. Niko njiani." Halafu anacheka. Hakufika.

Tangu tumzike, mama hali mpaka amsikie. Naandaa sahani, nabonyeza, anasikiliza, anakula. Miezi saba hivyo hivyo. Tangu jana sauti ilikuwa haifunguki, na tangu jana mama hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya maji. Mwanamke wa miaka sabini na mbili! Nilikuwa nimebembeleza, nimefoka, nimelia. Wapi.

Fundi aliponipa ile diski alikuwa kama mtu asiyetaka kuiachia. "Ilikuwa ya mteja mmoja, hakurudi kuichukua," alisema. "Nimeifuta mara saba."

"Saba za nini?"

Akapuliza vumbi kwenye meza ambayo haikuwa na vumbi. "Dada, shika neno moja. Ukimaliza kunakili, chomoa ya zamani kabla hujawasha mpya. Zitakuwa pacha. Mashine haikubali pacha wawili, itamzima mmoja, na huchagui yupi."

Nikasema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa. Mwenye haraka hukubali kila kitu.

Nyumbani mama alikuwa kwenye kiti chake, kando ya kompyuta.

"Bado?"

"Bado kidogo, mama. Kula kwanza."

"Nitakula naye."

Nilikuwa na programu tatu za kunakili diski nzima, nimezipakua kazini. Nikafungua daftari ili nizilinganishe kama mtu mwenye akili zake. Ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka asilimia sitini na mbili, ikakuta sehemu mbovu, ikasusa. Nikaitukana matusi ambayo mama hakuwa amewahi kuyasikia kinywani mwangu. Ya pili iliziruka zile sehemu mbovu, na baada ya nusu saa ikajisifu kwamba imekamilisha. Nikachomoa ya zamani kama nilivyoagizwa, nikawasha mpya. Picha zipo, barua zipo. Nikabonyeza sauti.

Shhhhhh...

"Huyo si yeye," mama alisema, akageukia ukutani.

Diski ya zamani nilipoirudisha ilikataa kuamka. Nikaichomoa, nikaichomeka, nikaiomba kama ninayemwomba mtu. Mara ya nne ikaamka, inagonga kwa nguvu zaidi.

Programu ya tatu ilikuwa king'ang'anizi. Ikikuta pabovu inarudi, inajaribu tena, mara kumi, mara ishirini. Saa mbili na nusu usiku ikamaliza. Na hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikijua. Niliogopa kuchomoa ya zamani. Isipoamka tena, je? Nikaziacha zote mbili mle ndani, nikawasha.

Kugonga kukakoma.

Chumba kikanuka udongo uliochimbwa sasa hivi. Nikajiambia ni joto la mashine. Nikabonyeza.

"Mama, we kula bwana, usinisubiri. Niko njiani."

Kicheko chake, kizima, hakina mkwaruzo! Nilipiga magoti, jamani, nikalia kwa furaha. Mama akavuta sahani. Akala tonge la kwanza, la pili. Nikafuta machozi, nikatazama kioo cha kompyuta.

Sekunde kumi na tisa zilikuwa zimepita. Kimstari kilikuwa bado kinatembea.

Ishirini... ishirini na moja...

Hatua za miguu. Mtu anapumua karibu.

"Mama. Nimefika."

Mama akasimama bila mkongojo.

"Mama, usijibu!"

"Niite ndani, mama," ile sauti ikanong'ona. "Huku nje baridi."

"Ingia, baba," mama akasema. "Ingia, mwanangu wee."

Kwenye kioo yakatokea maandishi: diski moja imezimwa. Nikamgeukia mama. Midomo ilikuwa inacheza, anasema maneno, anasema sana. Hakuna kilichotoka.

Daktari alisema ni kiharusi, kimeshika sehemu ya usemi. Sawa. Fundi naye alisema diski iliyofutwa hubaki na masalia, huenda sauti za yule mteja zilijiunganisha na yetu. Alisema hayo akiniangalia viatu. Sawa pia. Nilitaka sana kuwaamini.

Lakini jioni ya tatu niliichomeka ile ya zamani peke yake. Faili ni lile lile. Urefu sekunde kumi na tisa. Nikailinganisha na mpya, moja baada ya nyingine, kwa programu zote tatu, na zote zikajibu: hakuna tofauti. Nikairudisha ya zamani. Nikabonyeza.

"Binti yangu... mbona giza? Nishike mkono. Umeenda wapi?"

Sauti ya mama. Na mama yuko hapa kando yangu, mdomo ameufumba.

Diski ikaanza tena. Tk... tk. Nilijua sina hata usiku mmoja. Nilijaribu kuihamisha sauti peke yake, nikajaribu kuirekodi kwa simu, vyote vikatoka kimya; ilibaki kunakili diski nzima. Diski nyingine tupu sikuwa nayo, na maduka yamefungwa. Kumnakili mama ilikuwa ni kumfuta mdogo wangu kwenye mpya. Nikaishika ile mpya, nikanyoosha waya.

Mama akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa amesikia yote, alikuwa anaelewa yote. Akaichukua ile diski mpya taratibu, akaipakata kifuani kwa mikono miwili, akatikisa kichwa.

"Mama, ni wewe huyo," nilimwambia. "Nitakukosa wewe."

Akatikisa kichwa tena. Akanionyesha sahani, akanionyesha diski aliyoipakata.

Nifanye nini? Huyo ni mama. Nikamwekea mwanawe kwenye kompyuta ndogo niliyoazima kazini, akakaa kula, anatafuna polepole, anatabasamu. Mimi nikabaki kwenye ile ya zamani, sikio kwenye spika, nasikiliza mama yangu akiniita, anaomba mkono, mpaka diski ikanyamaza.