Neno Moja la Tshimanga

Kila asubuhi Mushiya alikaanga mikate ya kuuza mbele ya nyumba yao, Kolwezi. Mume wake Tshimanga alikula miwili akiwa amesimama, kisha akachukua sululu yake na kwenda machimboni. Hapo ndipo taabu ya Mushiya ilipoanza, maana mke wa mchimbaji huchungwa. Watu husema mke akitoka na mwanamume mwingine, shimo humwangukia mume wake. Kwa hiyo hata kucheka na wateja alicheka kidogo. Mama mkwe wake, Mama Kanku, aliketi karibu, na masikio yake yalikuwa mazima.

Jumanne moja jiwe liliporomoka kutoka ukingoni mwa shimo, likampiga Tshimanga upande wa kushoto wa kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Alizimia kidogo, akaamka, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Damu ilikuwa kidogo tu. Wote walimshukuru Mungu.

Jioni akatapika. Kulipokucha, mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia, na maneno yalikuwa yamemwisha kinywani. Lilibaki moja tu.

Mama Kanku hakumpeleka hospitali. Alimpeleka kwenye maombi siku nne. Siku ya tano akamkalisha mbele ya ndugu zake, akamshika kidevu.

"Mutoto yangu, sema kweli. Bibi yako alitoka na mwanaume?"

"Ndiyo," akasema Tshimanga.

Mushiya akapiga magoti. "Tata Tshimanga! Niangalie! Mi nilitoka na nani?"

"Ndiyo," akasema tena, machozi yakimtoka.

"Basi," akasema Mama Kanku. "Funga nguo yako. Lori ya Dilolo inatoka saa nane. Rudia kwa baba yako. Batoto banabakia hapa."

Mushiya alifunga nguo katika kitenge. Mlangoni akakutana na jirani yao Myriam, muuguzi wa kituo cha afya, aliyekuja kununua mikate.

"Unaenda wapi na bitu yote hii, mama?"

Mushiya akamweleza huku akilia. Myriam akasahau mikate. Aliingia ndani, akachuchumaa mbele ya Tshimanga.

"Tata, jina yako ni Stéphanie?"

"Ndiyo."

"Mama yako Kanku alisha kufa?"

"Ndiyo."

Mama Kanku akaruka. "Mi? Niko hapa napika bukari!"

"Na weye, Tata, uko mwanamuke?"

"Ndiyo," Tshimanga alijibu, akijipiga paja kwa mkono wa kushoto kwa hasira. Hakuna aliyecheka.

"Hadanganye, Mama," akasema Myriam. "Ni neno moja tu ilibakia. Ingine anaitafuta, haitoke."

Akavuta sufuria ya bukari, ule ugali wa Mama Kanku, akaifunua.

"Angalieni. Sufuria ni mufupa ya kichwa. Bukari njo ubongo, lakini ubongo ni laini kupita hii." Kwa mwiko akachora mstari katikati. "Iko nusu mbili. Ya kushoto inaamuru mukono na muguu ya kuume. Ya kuume inaamuru ya kushoto. Na maneno, kwa batu wengi, inakaa huku kushoto. Jiwe ilipiga wapi?"

"Kushoto," akanong'ona Mushiya.

"Huku mbele njo kufikiri na kuzuia hasira. Nyuma njo kuona. Chini, kule nyuma, kuko ubongo mudogo, inatusaidia tusianguke. Na pale shingo inaanzia, kuko shina ya ubongo. Ile inaendesha pumzi na moyo, hata ukilala."

"Lakini damu ilikuwa kidogo!" akasema Mama Kanku.

"Ya inje, Mama. Ya ndani haina njia ya kutoka, inakandamiza ubongo. Mutu akipigwa kichwa, kisha anatapika, ao anasinzia sana, ao mukono inalegea, ni hospitali saa ile ile. Maombi mutafanya njiani."

Siku ile ile wakampeleka. Daktari alimtoa damu iliyoganda chini ya mfupa. Lakini aliwaambia wazi kwamba walichelewa. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haifufuki. Sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi yake, polepole, wala si kazi yote.

Mushiya alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mama mkwe wake. Hakuyasema. Alimwona mzee yule ameketi sakafuni, akihesabu siku kwa vidole, akifika tano, akianza tena.

Jumapili Mama Kanku alisimama mbele ya wanawake wa kanisa.

"Nilisema mubaya juu ya bibi wa mutoto yangu. Haikukuwa yeye. Ilikuwa jiwe, na kisha ilikuwa mi."

Kitenge kikafunguliwa, nguo zikarudi kwenye kamba. Kila asubuhi, kama Myriam alivyowafundisha, Mushiya alimwonyesha mume wake kijiko, kiatu, mtoto, akataja jina taratibu na kumngoja. Wachimbaji wenzake walikuja kumwona. Sita kati yao wakaanza kuvaa kofia ngumu.

Miezi mitatu ilipita. Mkono wa kulia haukurudi. Mchana mmoja Mama Kanku alikuwa akimlisha kama kawaida. Tshimanga akausukuma mkono wa mama yake.

"Hapana," akasema.

Mama Kanku akainama karibu naye.

"Unasema nini, mutoto yangu?"

"Hapana." Akanyoosha mkono wa kushoto, akamega bukari mwenyewe.

Mushiya akatoka, akaenda nyuma ya nyumba kulia. Alikuwa na furaha, na alikuwa akimlilia yule mwanamume aliyekuwa akisema mengi. Mama Kanku alimfuata, akaketi kando yake chini, wala hakumwambia anyamaze.