Joto Alilolificha Arami

Kila asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, Arami alijipima joto la mwili na kumtajia mama yake aliyekuwa jikoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na huu ulikuwa mwezi wa tano akitibiwa saratani ya damu. Masharti yalikuwa yamemchosha: asiende shule, asile saladi, asinywe tereré, ile chai baridi ambayo wenzake pale mjini kwao Caacupé waliifyonza kwa zamu kwa mrija mmoja.

Jumamosi hiyo ilikuwa sikukuu ya San Juan. Daktari alikuwa amemruhusu kukaa uani kwa jirani atazame michezo ya sikukuu. Arami akasoma kipimajoto: thelathini na nane na nusu. Tumbo nalo lilikuwa likimkata tangu jana.

"Ngapi?" mama aliuliza.

"Thelathini na sita na nusu!"

Kufikia saa tisa mchana alikuwa akitetemeka mwili mzima. Wakamkimbiza hospitalini katika mji mkuu, Asunción. Njiani mama alimgeukia Mirtha, dada mkubwa wa Arami.

"Wewe ndiye umempa tereré!"

"Sijampa, mama! Haki ya Mungu!"

"Nyamaza! Nani mwingine anazunguka nayo kutwa?"

Mirtha alilia. Arami alifumba macho.

Siku nne dawa hazikushusha homa. Kila mama alipouliza majibu ya damu, nesi alisema, "Bado."

"Bado, bado! Hamna neno jingine hapa?" mama alifoka.

Siku ya tano Daktari Benítez akaja.

"Ni bakteria adimu, wagumu kuoteshwa maabarani. Hawakuletwa na chai. Huishi tumboni bila kumdhuru mtu. Matibabu ya saratani yamechubua utumbo wa Arami na kupunguza kinga yake, wakapenya hadi kwenye damu. Sasa tunajua dawa yao."

Mama akamshika Mirtha mkono. "Nisamehe, mwanangu."

"Mama," Arami alisema kwa shida, "asubuhi ile nilikuwa na homa. Nilidanganya, nisikose sikukuu."

"Ukaniacha nisemwe siku tano!" Mirtha alitoka nje.

Dawa mpya ilishusha homa siku ya pili. Daktari akaketi kitandani kwa Arami.

"Bakteria si kosa lako. Lakini zile saa ulizoficha homa nusura zikuue. Homa ikija, sema papo hapo, hata kama ni sikukuu. Na dada yako kamwombe radhi mwenyewe. Hilo mimi sina dawa yake."