Théo Alikuwa Anatuita

Jioni ile bomba la shule lilikuwa kavu kwa siku ya nne, na zamu ya kuteka maji ya bweni la pili ilikuwa ya Abner. Ilipasa waende wawili. Shuleni kwao hakuna mvulana aliyeshuka bondeni peke yake jua likiwa limeelemea magharibi. Lakini mwenzake wa zamu alikuwa Théo, na Théo alikuwa ameondoka juma moja nyuma. Nafasi yake hakuna aliyeitaka.

Surveillant Hénoch, mzee aliyeshika nidhamu ya wavulana wote waliolala internat, mabweni ya shule, alitazama jua, kisha akamtazama Abner.

"Kimbia. Kengele ya étude ikilia, ukuwe umesharudia, uko na kitabu."

Abner akabeba bidon mbili, madumu ya maji, akashuka.

Kiangazi kilikuwa kimekomaa Kamina. Nyasi zote za mteremko zilikuwa zimechomwa, na kila hatua iliinua majivu. Alitembea haraka, huku akijitahidi asimfikirie Théo. Alishindwa.

Théo alitoka Mulongo, kando ya mto, mtoto wa mama muuza samaki. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kufunika mdomo kwa kiganja akicheka. Alilala kitanda cha juu, Abner kitanda cha chini, miaka minne. Walikula bukari, ugali wa kwao, sahani moja. Jumamosi walifua mashati pamoja, kisha mmoja akamnyoa mwenzake kwa wembe mmoja wakiketi kwenye ngazi. Abner hakuwa na ndugu wa kiume. Hakuona kama alipungukiwa.

Kitu kimoja tu. Théo aliita majina usingizini.

Mwezi wa tano alimwita Lazare, mlinda mlango wa timu ya shule, kijana mwenye mabega kama mlango wenyewe. Alimwita usiku tatu mfululizo. Siku ya nne Lazare aliamka na homa. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamemfunika shuka mpaka usoni.

Ndipo neno likazaliwa bwenini. Mulozi, mchawi. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Lilipita kutoka kitanda hadi kitanda, na asubuhi vitanda vikawa vimesogezwa. Hakuna aliyepokea chumvi kutoka mkononi mwa Théo. Hakuna aliyeketi pale alipoketi. Abner peke yake alibaki naye, hata akapigana na wawili kwa ajili yake.

Mpaka malaria ilipomwangusha Abner mwenyewe.

Usiku wa pili wa homa, sauti ilitoka kitanda cha juu.

"Abner."

Kisha tena, kwa nguvu zaidi.

"Abner... Abner!"

Haikuwa sauti ya mtu aliyelala. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Abner alizinduka amelowa jasho, akabaki macho wazi mpaka kukakucha. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Woga haukushuka. Na préfet, mkuu wa shule, alipowakusanya na kuuliza nani alisikia kitu, Abner alisimama.

"Aliita jina yangu," alisema.

Ilitosha. Théo aliinua kiganja mdomoni, kama anayetaka kucheka, lakini hakucheka. Alipewa barua ya kurudi kwao. Gari moshi siku hizo lilikuja lilipotaka, naye hakulingoja. Alifunga godoro lake kwa kamba, akalitia kichwani, akaifuata reli kwa miguu kuelekea Bukama. Abner alimtazama kupitia dirisha la darasa. Hakutoka kumuaga.

Sasa alifika kwenye chemchemi. Aliinama, akazamisha bidon ya kwanza. Vyura walikuwa wakilia kwenye matete. Maji yaliingia... glu, glu, glu...

Vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa mara moja.

Kisha ikaja harufu. Si ya matope, si ya majivu. Ilikuwa harufu nzito ya yale mafuta meusi ya mataruma ya reli, jua linapoyachemsha mchana. Na bondeni pale hapakuwa na reli.

"Abner."

Hakuinua uso.

"Usiogope. Ni minyi."

Théo alikuwa ameketi ng'ambo ya maji, hatua tano tu. Alivaa shati lake jeupe la shule. Miguu yake ilikuwa imepasuka na kujaa vumbi, midomo yake mikavu kama ganda. Aliingiza mkono ndani ya maji, akautoa, akautazama.

Mkono ulikuwa mkavu.

"Nina kiu," alinong'ona. "Lakini haiko maji njo nilifuata. Nilirudia kukuambia. Siku ile ulikuwa mugonjwa... ulikuwa unaenda. Niliona mugongo yako. Ulikuwa unaenda na ule muntu murefu."

"Muntu gani?" Abner hakuisikia sauti yake mwenyewe.

"Sijue sura yake. Anapitaka katikati ya vitanda. Anashikaka muntu mukono, banaenda. Minyi naitaka tu. Muntu akisikia, anarudia. Lazare hakusikia." Alimtazama Abner. "Weye ulisikia."

Abner akakumbuka. Kwenye homa ile alikuwa ameota njia nyeupe isiyo na miti, na mkono baridi umeshika wake, na yeye akifuata bila hofu, kama mtoto. Halafu mtu nyuma akaita jina lake. Akageuka. Akaamka.

"Théo... juu ya nini haukusema?"

"Nani angenisikiliza?"

Maji yalitulia. Hakuna jani lililotikisika.

"Na weye?" Abner aliuliza, ingawa jibu alikuwa akiliona mbele yake. "Alikuja kukuchukua weye?"

"Ku reli. Alitoka mu nyasi, akanyoosha mukono. Nikangojea kidogo. Nikasema, labda kuko muntu ataniita."

Théo aliinamisha kichwa.

"Hakukuwa."

Abner alifungua kinywa amwite. Palepale, kwa nguvu zake zote. Ulimi ulilala kama kipande cha mti. Alisukuma, akasukuma, mpaka jina likatoka, "Théo!", na likatoka kubwa, likapiga mteremko na kurudi.

Ng'ambo ya maji hapakuwa na mtu. Vyura walikuwa wanalia tena.

Alipofika juu, mikono mitupu, akihema, alimkuta surveillant Hénoch amesimama uani na simu mkononi. Mzee alikuwa amevua kofia.

"Kuja hapa, mwana. Kuko habari ya mwenzako."

Wafanyakazi wa reli walikuwa wamemkuta siku mbili nyuma, mahali pasipo na kijiji. Hakuwa na jeraha. Alikuwa ametandika godoro lake kando ya reli, akalala juu yake, na uso wake ulitazama huku Kamina. Walimzika hapohapo kwa sababu ya joto.

Mama yake Théo alifika siku kumi na moja baada ya habari hiyo, kwa mtumbwi mpaka Bukama, kutoka hapo kwa gari moshi. Jeannine lilikuwa jina lake, lakini wavulana walimwita Mama Théo, kwa heshima, wakiwa mbali naye. Alikuwa amebeba kikapu cha samaki waliokaushwa. Alikileta kwa ajili ya wenzake Théo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nani alikuwa rafiki yake?" aliuliza.

Abner akatoka mbele. Alichukua samaki mmoja, akamla pale pale, amesimama, machozi yakimwingia mdomoni. Kisha akamweleza yote. Homa. Préfet. Chemchemi. Hakujificha hata kwa neno moja.

"Mama, ni minyi njo nilisimama. Nilisema aliita jina yangu."

Alingoja kofi. Alilitamani.

Mama Théo aliketi chini, kwenye vumbi.

"Baba yake wakati alikuwa anakufa," alisema polepole, "Théo alimuita usiku muzima. Bantu ba familia bakasema, ni huyu mutoto njo anamukula. Na minyi niliamini. Njo maana nilimuleta ku internat, mbali. Nilisemaka kwa bantu, mutoto anasoma." Akajifunika uso kwa kitenge. "Nilikuwa namuogopa, mwana. Minyi mwenyewe. Kumbe alikuwa anamuita baba yake arudie."

Walilia pamoja, yule mama na yule mvulana, na bweni zima likiwatazama madirishani.

Jioni surveillant alimruhusu Abner amsindikize mama mpaka stesheni. Abner alibeba sanduku la Théo, lililokuwa limebaki bwenini. Njia ilipita juu ya bonde. Walipofika hapo Mama Théo alisimama.

"Alisema labda kuko muntu atamuita?"

"Ndiyo, mama."

Aligeukia bonde. Akaweka viganja viwili mdomoni, na akaita kama wanavyoita wanawake wa mto, kwa sauti ndefu inayovuka maji.

"Théoooo!"

Vyura wakanyamaza.

Kisha chini kule, polepole, kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri...

"Eeh, mama."

Abner aliisikia. Mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu afike, na akaanza kushuka. Hakufuata njia. Alikanyaga majivu moja kwa moja, mkono wake wa kulia ukiwa umenyooshwa pembeni. Jua lilikuwa limeshazama, hakuna kitu kilichokuwa na kivuli. Lakini ubavuni mwake palikuwa na kivuli. Kirefu. Kilitembea naye hatua kwa hatua.

"Mama Théo!"

Hakugeuka.

"Mama Théo! Rudia!"

Hakugeuka. Giza lilikuwa linamfikia kiunoni. Ndipo Abner akafanya jambo ambalo mtoto hafanyi kwa mama wa mwenzake. Alimwita kwa jina lake alilozaliwa nalo.

"Jeannine! Jeanniiine!"

Akasimama.

"Mama...?" sauti kutoka bondeni iliuliza. Mara moja tu. Haikurudia tena.

Mama Théo alikaa pale muda mrefu, katikati ya mteremko, kama mti uliobaki baada ya moto. Halafu akapanda. Alimpita Abner, naye akamfuata nyuma mpaka stesheni, mpaka gari moshi likapiga honi na wachuuzi wakaanza kukimbilia mabehewa. Abner alimpandishia sanduku. Mama aliinama kutoka mlangoni. Macho yake hayakuwa na hasira.

"Ungeniacha, mwana," alisema. "Ungeniacha niende. Nilikuwa nimeshamushika mukono."