Gundi Iliyonuka Siki

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, Kijiti alivaa ovaroli yake kuukuu na kumfuata mama gereji. Kijiti ni jina la utani tu, maana msichana mwenyewe alikuwa mwembamba kweli kweli. Mama yake alikuwa fundi wa injini, na siku hiyo walikuwa wanaunda upya injini ya gari la mkunga.

Kazi ya Kijiti ilikuwa sampu, lile bakuli la chini linalohifadhi oili. Alibandua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki, kwa sababu kisu kingekwaruza sampu, kisha akafuta ukingo kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mama akapitisha kidole, akatabasamu.

"Umeiva, mwanangu. Gari hili likitoka salama, injini ijayo utapaka gundi wewe mwenyewe."

Kijiti nusura aruke! Mama akaenda kununua oili, akamwachia kaka yake Kijiti kazi ya kupaka gundi mpya ya kuzibia sampu isivuje, ile ya kijivu inayovumilia oili na joto. Lo! Tyubu ilikuwa imekauka kama jiwe, kwa kuwa kaka alisahau kuifunika. Na wenzake walikuwa wanamsubiri uwanjani. Akachukua gundi isiyo na rangi, ya kubandikia vioo vya madirisha.

"Mbona inanuka siki?" Kijiti aliuliza. "Hiyo si ya injini."

"Gundi ni gundi tu. Usimwambie mama, dada yangu. Mimi na wewe si kitu kimoja?"

Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli na kumtetea shuleni. Kijiti akanyamaza.

Siku chache baadaye gari la mkunga lilirudi likivutwa kwa kamba.

"Taa ya oili imewaka nikiwa nawahi kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa," mkunga alisema kwa hasira. "Nimemalizia njia kwa miguu, nikimwomba Mungu nisichelewe!"

Chini ya gari oili ilikuwa inadondoka. Mama akawageukia watoto wake. "Nani kaniharibia kazi?"

Kaka hakumtazama dada yake. "Ni Kijiti, mama. Hakusafisha vizuri. Nilimwambia, akanibishia."

Kijiti aliduwaa. Kaka! Kaka yake wa tumbo moja!

"Vua ovaroli," mama alisema.

Akaivua huku machozi yanamtiririka. Kuvuliwa ovaroli kuliuma, lakini kilichomchoma zaidi ni lile neno "kitu kimoja" aliloliamini.

Mama alilala chini ya gari, akaifungua sampu. Gundi ikabanduka yote kwa mkupuo, laini, imevimba kwa oili. Chini yake ukingo uling'aa. Akaiinua kwenye mwanga.

"Hii ni ya vioo. Na hapa pamesafishwa vizuri. Nani alipaka?"

Kijiti akapangusa machozi. "Kaka. Nilijua, mama. Aliniomba nisiseme, nikamfichia. Kumbe mwenzangu ananichimbia shimo!"

Kaka akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Niliogopa."

"Mwombe msamaha mdogo wako. Kisha mkunga. Halafu safisha sampu hiyo, na uwanjani usahau."

Mama akamrudishia Kijiti ovaroli. "Nami nilikuhukumu kabla ya kuangalia. Nimekosa. Lakini nisikilizeni wote wawili. Kosa la gundi tungelirekebisha siku ileile. Wewe umelifunika kwa uongo, ukamtwisha anayekupenda. Na wewe, Kijiti, kumfichia mtu kosa si kumpenda. Ungesema mapema, mkunga asingekwama njiani, wala wewe usingelia leo."

Kaka alifuta sampu kwa muda mrefu. "Nisamehe, dada," akasema kwa sauti ndogo. "Nimemaliza. Pamesafika, niamini."

Kijiti akachukua kitambaa cheupe, akakipitisha taratibu ukingo mzima. Kikatoka na doa jeusi.

"Rudia," akasema.

Kaka akarudia, na safari hii hakubisha. Mama akafungua tyubu mpya ya kijivu, akampa Kijiti.