Mkunga Ashika Usukani

Kila asubuhi mama alipotoka zamu ya usiku, Chiriku aliujua uchovu wake kabla hajamwona. Aliusikia mlangoni. Ufunguo ulikwaruza huku na huku ukitafuta tundu, kisha viatu vikavuliwa kimoja kimoja, na kila kiatu kikafuatiwa na pumzi ndefu.

Mama alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi. Chiriku, binti yake ambaye jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita.

Alhamisi hiyo alikuwa amekwisha kuvaa sare tangu alfajiri. Mama aliingia, akajitupa kwenye kiti, akafumba macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiku wa leo tumezalisha tisa. Sikupata hata lepe la usingizi." Akapiga miayo. "Mbona umesimama kama askari? Leo si ndiyo ziara yenu?"

Basi la shule lilikuwa limekufa klachi, na mwalimu wa sayansi alikuwa ameomba wazazi wenye magari wawapeleke wanafunzi kwenye mtambo wa kusafisha maji, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Wiki iliyopita mama alikwisha kusema, "Mwambie mwalimu Alhamisi siwezi, nitakuwa natoka kazini." Lakini Chiriku hakumwambia mwalimu hivyo. Alimwambia kwamba mama amekubali, tena kwa furaha.

Si kwamba alikuwa mtoto mbaya. Alichoka tu kubebwa. Katika ziara iliyopita alipanda gari la mzazi mmoja, mwokaji mikate, akabanwa na makreti matupu, na mwenzake mmoja aitwaye Mapengo akamcheka mbele ya watu: "Wewe kila safari ni abiria! Hilo gari lenu limewekwa pale nyumbani kama pambo?" Maneno hayo yalimkaa kooni muhula mzima.

"Mama," alisema sasa, akiangalia sakafu, "mwalimu amesema magari hayatoshi. Usipokuja wewe, wanafunzi watatu watabaki."

Mama alifumbua jicho moja. "Watatu?"

"Ndiyo."

Mama akainuka taratibu, akanawa uso kwa maji baridi, akanywa chai ya rangi akiwa wima, akavaa tena viatu alivyovivua muda si mrefu. "Haya. Watoto wa watu wasikose masomo kwa ajili ya usingizi wangu," alisema.

Chiriku alifurahi, lakini furaha hiyo haikushuka vizuri.

Kwenye lango la shule, mwalimu wa sayansi alikuwa na orodha mkononi, akipita gari kwa gari. Mama alikuwa upande wa pili, ameinama akihakikisha mikanda ya kiti cha nyuma inafunga.

"Chiriku, mama yako amepumzika vizuri?" mwalimu aliuliza. "Nimewauliza madereva wote."

"Amelala vizuri, mwalimu. Jana alikuwa nyumbani."

Mwalimu akaweka alama ya vema, akaenda zake. Nyuma wakapanda watatu: Mapengo, mtoto wa fundi cherehani, na msichana mdogo kuliko wote darasani, Miwani, ambaye alisindikizwa na bibi yake. Bibi alimfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akauvuta mara mbili, kisha akamwambia mama, "Nakuachia huyu, mwanangu. Sina mwingine."

"Usijali, bibi," mama akajibu.

Msafara uliondoka, magari matano, la mwokaji mikate likitangulia na lao likiwa la mwisho. Mwanzoni mama alijikaza kisabuni. Alifungua madirisha yote, akawaomba watoto waimbe. Waliimba mpaka sauti zikawakauka. Kisha wakaacha kuimba, barabara ikanyooka, jua likapiga kioo cha mbele, na ndani ya gari kukawa na joto la kulegeza viungo.

"Mapengo, umesema baba yako anafanya kazi gani?" mama aliuliza.

"Ni fundi bomba."

Baada ya kilomita mbili akauliza tena, "Eti Mapengo, baba yako anafanya kazi gani?"

Watoto wa nyuma wakacheka. Chiriku, aliyekaa mbele, hakucheka. Aliyaona macho ya mama. Kope zilikuwa zikishuka polepole, zikipanda kwa nguvu, zikishuka tena. Magari mengine yalikuwa yamekwisha kupotea mbele. Alitaka kusema neno, akakumbuka nani wamekaa nyuma, akanyamaza.

Ghafla gari likaanza kunguruma upande mmoja. Magurudumu ya kushoto yalikuwa yametoka kwenye lami, yanapiga kokoto, na nguzo ya umeme ilikuwa inawajia. Mama alishtuka, akakata usukani, gari likayumba na kurudi barabarani.

"Hoyaa!" Mapengo akapiga makofi. "Mama Chiriku dereva wa mashindano!"

"Poleni, wanangu, ilikuwa... nilikwepa shimo," mama alisema. Hapakuwa na shimo.

Chiriku aligeuka nyuma. Miwani hakuwa akicheka. Alikuwa ameushika mkanda wake kwa mikono miwili, miwani yake imekaa upande, anamtazama.

"Mama, egesha gari."

"Tumebakiza kidogo tu."

"Egesha, mama, nakuomba!" Sauti ilimpasuka. "Hujalala. Mwalimu hakusema magari hayatoshi. Nilikudanganya wewe, na yeye nikamdanganya kwamba umelala. Ni mimi. Egesha!"

Kicheko cha nyuma kilikatika kama redio iliyozimwa. Mama aliwasha taa ya kuonyesha anakata kushoto, akaingia taratibu kwenye kituo cha mafuta, akazima injini. Akampigia mwalimu simu. Nusu saa baadaye gari la mwokaji mikate likarudi. Lilikuwa limekwisha kushusha wanafunzi wake, likiwa na viti vinne vitupu.

"Haya, ingieni," mwokaji alisema. Kisha akamwangalia Chiriku. "Na wewe panda, nafasi ipo."

Chiriku alimtazama mama. Alikuwa amekwisha kulaza kiti, kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi kidogo.

"Nitabaki naye," alisema.

Mapengo alipita mbele yake bila hata kumtania, na hilo lilimuuma zaidi ya utani wowote.

Alikaa pale zaidi ya saa tatu. Hakuwahi kumwangalia mama kwa muda mrefu hivyo. Aliona miguu iliyovimba mpaka alama za viatu zikabaki kwenye ngozi. Aliona vidole vilivyochubuka kwa kuoshwa na dawa za hospitali. Dereva wa lori alipopiga honi, Chiriku alishuka mbio akamwinulia mikono. "Samahani baba, mama yangu amelala. Amezalisha watoto tisa usiku wa leo." Dereva akatoa mkono kwenye honi, akampungia. Mhudumu wa pampu aliyesikia hayo akaja na kipande cha boksi, akakiweka juu ya kioo kuzuia jua.

Mama alipoamka, hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Nimekosa na mimi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilijua hali yangu, nikashika usukani. Hilo nitawaambia wazazi mimi mwenyewe. Lako utalisema wewe, kwa mdomo wako, kwa mwalimu na nyumba zote tatu."

Jioni hiyo walizunguka. Mwalimu alisema ataonana na Chiriku kesho ofisini. Fundi bomba alifoka. Fundi cherehani alitikisa kichwa tu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi yake Miwani. Chiriku alieleza yote, akikwama na kurudi nyuma, na mama akaeleza yake. Bibi alisikiliza akiwa ameshika kitasa cha mlango. Alipomaliza kusikia, aliketi kwenye ngazi.

"Keti hapa," akamwambia Chiriku. "Mjukuu wangu kaniambia wewe ndiye uliyesema gari lisimame. Kwa hilo nakushukuru. Lakini sikia, binti yangu. Mimi asubuhi sikuliamini gari, niliamini maneno. Mwalimu naye aliamini maneno. Mtu akisema uongo kuhusu usalama wa wengine, anawapandisha safari wasiyoijua. Siku nyingine ukweli useme mapema, kabla mlango wa gari haujafungwa. Hata wakikucheka."

"Nimesikia, bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akamgeukia mama. "Na wewe, mwanangu, nenda ukalale. Kusema nimechoka si aibu."

Mama akaitikia kwa kichwa. Alimpa Chiriku funguo za gari azibebe, wakaliacha limeegeshwa pale pale nje ya ukuta wa bibi hadi kesho, wakashika njia ya nyumbani kwa miguu, polepole.