Mahari ya Rukaiya

"Wazee wanangoja, mwanangu. Taja mahari yako," alisema Mzee Mcha, kasimama mlangoni mwa chumba cha bintiye.

Sebuleni kwao Ng'ambo, wajumbe wa Haitham walikwisha kula halua na kunywa kahawa. Walitegemea kutajiwa kitanda, pengine na dhahabu kidogo. Rukaiya aliitazama mikono yake yenye sugu.

"Nnataka Haitham aseme kweli mbele ya mafundi wote. Aseme nani alochonga kizingiti cha juu cha mlango wa Bi Tabia. Sina mahari nyengine."

Mzee Mcha akarudi sebuleni kuwapa wajumbe jibu hilo. Kizingiti hicho alikijua vizuri, kilichongwa uani kwake.

Katika karakana ya Mzee Gharib, Mji Mkongwe, wanawake walipiga msasa na kupaka mafuta, basi. Patasi haishikwi na mwanamke, ndivyo alivyozoea kusema mzee yule, utadhani sheria hiyo kaikuta kitabuni. Miaka minne Rukaiya alipiga msasa huku macho yakiiba ufundi. Hapo hapo kwenye vumbi la mbao ndipo alipopendana na Haitham, mmoja wa mafundi. Haitham alipopewa kizingiti ili ajaribiwe ufundi mkuu, nakshi ya mnyororo ikamshinda, akamletea Rukaiya mbao nyumbani. Rukaiya akachonga wiki tatu, kwa mapenzi tu. Walikubaliana kuwa Mzee Gharib akishaipenda kazi, Haitham atamwambia ni ya nani.

Mzee akaipenda. Haitham akavishwa ufundi mkuu, na ulimi ukamwingia ndani.

Hayo Rukaiya angeyavumilia. Lakini siku aliyoomba naye ajaribiwe patasi, Mzee Gharib alicheka, akamuuliza fundi mkuu wake mpya anasemaje. Haitham akajibu, bila hata kumtazama mchumba wake:

"Kazi yake msasa, mzee. Ndiyo inayomfaa."

Maneno hayo yalimkaa Rukaiya kooni kama mwiba wa samaki.

Wajumbe walipoondoka, simu yake ikalia.

"Umenifedhehesha mbele ya wazee wangu," alisema Haitham.

"Nimetaja mahari. Ni haki yangu."

"Taja dhahabu, ntatafuta."

"Dhahabu sikukuomba."

"Nkisema, Mzee Gharib atanivua ufundi mkuu. Halafu tutaishije, Rukaiya?"

"Mie miaka minne nnaishije?"

Haitham akakata simu. Siku mbili kimya, kisha ujumbe ukaingia: "Nakupenda. Usinifanyie hivi."

Rukaiya alilia kwanza, ndipo akajibu: "Nami nakupenda. Ndiyo maana sikwenda kusema mwenyewe."

Jumamosi Bi Tabia, mwenye nyumba ya wageni, alikuja karakanani kuukagua mlango wake. Mzee Gharib akampeleka mpaka kwenye kizingiti, kifua mbele.

"Mkono wa mwanamme huo, Bi Tabia. Fundi mkuu wangu."

Rukaiya alikuwa chini, anapiga msasa, buibui limejaa vumbi. Hakuinua uso, ila mkono wake ulisimama.

"Si mkono wangu," alisema Haitham.

Mzee Gharib akatabasamu, alidhani ni unyenyekevu.

"Nakutaka radhi, mzee. Kachonga Rukaiya. Mie nilishindwa. Na siku ile nilosema kazi yake msasa, nilisema uongo nami najua."

Mafundi wote waliacha kugonga. Mzee Gharib alimtazama Haitham kwa hasira na aibu.

"Ufundi mkuu nshakuvua," alisema.

Bi Tabia alikuwa bado anapitisha kidole kwenye mnyororo.

"Nina mlango wa pili, na nautaka kwa mkono huu huu," alisema taratibu. "Kama hapa patasi haishikwi na mwanamke, n'ambie, Gharib, nende kwengine."

Mzee akachukua patasi na nyundo, akaviweka sakafuni mbele ya Rukaiya. Kumpa mkononi hakuweza.

"Nionyeshe."

Rukaiya akavuta kipande cha mbao, akaanza kuchonga. Pete moja ya mnyororo ilipokamilika, Mzee Gharib aliinama, akaipuliza vumbi na kuitazama kila upande.

"Jumatatu uanze," alisema, akaondoka. Ufundi mkuu hakuutaja, na Rukaiya aliliona hilo.

Haitham alimkuta bombani akinawa mikono.

"Mahari yako nshailipa."

"Nimeipokea. Ahsante."

"Basi tuoane lini?"

Rukaiya alimtazama. Alimpenda, na bado alikuwa na uchungu naye, na vyote viwili vilimo kifuani kwa wakati mmoja. Akatoa mfukoni kipande chake cha msasa kilicholika, akamwekea kiganjani.

"Mlango wa pili wa Bi Tabia utachukua miezi mitatu. Mie nachonga, wewe unapiga msasa. Ukimalizika, nami nikiwa bado nakutaka, ntamwambia baba awaite wazee wako."

Haitham aliutazama msasa ule, kisha akaufumba mkono.

"Jumatatu nije saa ngapi?"